Tarumbeta Lililochekwa

Mwaka uliopita mwanafunzi mmoja aliniuliza swali darasani, nami sikuweza kumjibu papo hapo. Tulikuwa tukisoma utenzi wa kale wa lahaja ya kaskazini. Akafika penye neno mbwene, ambalo kwa lugha ya leo ni nimeona. Akalitamka mara mbili, akacheka, na darasa zima likacheka pamoja naye. Kisha akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kwa nini tusiandike nimeona, tukaendelea na safari yetu? Neno ambalo hapana mtu alisemaye tena lina kazi gani?" Nilimwomba aningojee. Insha hii ni jawabu langu kwake. Ikiwa yapita njia ndefu, katika habari za Ulaya na Brazili, za shaba na pumzi, ni kwa sababu jawabu nililikuta huko, katika historia ya chombo cha muziki kiitwacho ofiklaidi, ambacho wajuzi na wajinga wamekicheka kwa zaidi ya miaka 100.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba chombo cha kupuliza chaweza kubeba heshima ya mji. Siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe ya Pate zilipulizwa katika sherehe za watu wakubwa, wala haikuwa ruhusa kwa kila mwenye mapafu kuzitia mdomoni. Ofiklaidi ni ndugu wa siwa kwa maumbile, maana sauti ya vyombo vyote viwili huzaliwa katika mtetemo wa midomo ya mpulizaji. Lakini bahati zao zilikuwa mbalimbali. Siwa ilizeeka katika heshima. Ofiklaidi ilizeeka katika dhihaka. Nami naona kwamba chombo kilichochekwa chaweza kutufundisha jambo ambalo kilichoheshimiwa hakituambii.

Habari ya ofiklaidi haielezeki bila ya kumtaja mzazi wake, chombo ambacho Wafaransa na Waingereza wamekiita nyoka. Kwa mapokezi yaliyoandikwa na Jean Lebeuf mwaka wa 1743, nyoka huyo alibuniwa karibu na mwaka wa 1590 na kasisi Edmé Guillaume wa Auxerre, katika Ufaransa, akatumika kanisani ili waimbaji wapate sauti nzito ya kuwashikilia wasipotee njia. Lilikuwa bomba la mti, aghalabu mti wa jozi, lenye urefu wa zaidi ya mita 2. Lilichongwa nusu mbili zenye mapindo, zikagandishwa pamoja na kuvikwa ngozi. Mapindo hayo hayakuwa pambo. Bomba refu namna ile, kama lingalinyooshwa, vidole vya mpulizaji visingaliyafikia matundu yake 6. Na kwa kuwa hupulizwa kwa midomo, wenye elimu ya vyombo humhesabu nyoka katika jamaa ya vyombo vya shaba, ijapokuwa mwili wake ni mti na ngozi.

Matundu hayo yaliwekwa mahali ambapo vidole vyaweza kufika, si mahali ambapo sheria za sauti zataka yawe. Basi kila sauti ilikuwa nusu tu katika chombo. Nusu ya pili ilikuwa katika midomo na masikio ya mpulizaji mwenyewe. Mpulizaji hodari aliitafuta sauti kwa midomo yake hata ikakaa mahali pake, nzito na laini, ikachanganyika na sauti za watu. Mpulizaji mvivu alitoa mlio wa ndama aliyepotelewa na mama yake. Kwa hiyo nyoka aliweza kusifiwa na kuchekwa siku moja, katika mji mmoja, na wenye kusifu na wenye kucheka wote wakawa wamesema kweli. Inasimuliwa kwamba Handel, alipomsikia mara ya kwanza, alisema kuwa huyu hakika siye nyoka aliyemdanganya Hawa. Hata hivyo alimwandikia sehemu katika muziki wake wa fataki za kifalme wa mwaka 1749, kisha akaifuta. Kuandikwa na kufutwa: ndiyo bahati aliyomrithisha mwanawe.

Mwana huyo alizaliwa katika karne ya kumi na tisa. Mwaka wa 1810 Joseph Haliday wa Dublin alipata hati ya haki ya uvumbuzi kwa baragumu la shaba lililotobolewa matundu na kuwekewa vifuniko vya kuendeshwa kwa vidole. Fundi mmoja wa Paris, Jean Hilaire Asté, aliyejulikana kwa jina la Halary, aliichukua fikira hiyo akaikuza, akatengeneza jamaa nzima ya vyombo vya namna hiyo; mkubwa wao, aliyetoka mwaka wa 1817 na kupata hati mwaka wa 1821, ndiye ofiklaidi. Jina lake limeungwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, nyoka na funguo. Hapo pana kichekesho cha kwanza. Mzazi alikuwa na umbo la nyoka. Mtoto hana pindo hata moja la nyoka. Ni bomba la shaba lililokunjwa mara moja likasimama wima mbele ya mpulizaji, jembamba penye midomo, pana juu kama mdomo wa mtungi. Lina vifuniko 9 hadi 12. Vyote hufunga matundu yao mpaka vibonyezwe, isipokuwa kimoja cha karibu na mdomo mpana, ambacho hukaa wazi na hufungwa kibonyezwapo. Ofiklaidi ilirithi jina la babaye bila ya sura yake, kama watu wengi waitwao Simba.

Kwa muda wa miaka kama 30 ofiklaidi ilitakiwa kila mahali. Spontini aliitia katika opera yake Olimpie mwaka wa 1819. Wagner aliitumia katika Rienzi, iliyoonyeshwa mwaka wa 1842, na Mendelssohn katika Elijah ya mwaka wa 1846. Bendi za askari ziliipokea, makanisa yaliipokea, na bendi za wafanya kazi zikaipokea. Lakini hata katika enzi yake haikuwa na amani. Berlioz, ambaye hapana mtunzi wa zama zake aliyejua tabia za vyombo kumpita, aliandika katika kitabu chake juu ya kazi hiyo kwamba mbio za ofiklaidi zikisikika peke yake ni mfano wa fahali aliyetoroka zizini akaingia sebuleni kurukaruka. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi kuliko muziki wenyewe, na wengi wayarudiayo hawajapata kuisikia ofiklaidi hata siku moja.

Yafaa tutazame mtunzi huyo aliitumiaje sauti aliyoicheka. Katika Symphonie fantastique, iliyopigwa mara ya kwanza katika Paris tarehe 5 Desemba 1830, kijana aliyerukwa na akili kwa mapenzi aota kwamba amekufa, na wachawi wamekusanyika kumfanyia karamu. Kati ya karamu hiyo wasikika wimbo wa kale wa Kilatini uimbwao katika ibada ya wafu, Dies irae. Berlioz aliwapa wimbo huo nyoka na ofiklaidi, mzazi na mtoto pamoja. Nyoka alikuwa bado ni sauti ya kanisa; Wafaransa waliokuwa wakisikiliza walikuwa wamemsikia akiuongoza wimbo ule ule mazikoni. Kumsikia katika karamu ya wachawi, akisaidiwa na fahali wa shaba, kulikuwa ni kufuru, na kichekesho, na kitisho, yote kwa mara moja. Sauti iliyo nzuri tu isingaliweza kufanya hivyo. Ilitakiwa sauti ambayo ina ubaya kidogo ndani yake.

Mendelssohn alilijua jambo hilo pia. Alikuwa na umri wa miaka 17 tu mwaka wa 1826 alipotunga utangulizi wa A Midsummer Night's Dream, mchezo wa Shakespeare ambamo mfumaji mmoja mjinga abadilishwa kichwa kikawa cha punda. Katika nota zilizochapishwa, ofiklaidi ndiyo iliyopewa sauti ya chini, nayo huburuta miguu chini ya fidla nyepesi kama mtu mzito aliyealikwa ngoma ya vibwengo. Msikilizaji hucheka, na ni haki acheke, kwa sababu kicheko hicho kiliandikwa na mtunzi. Basi hapa twapata jambo la kwanza la kushika: kuchekesha ilikuwa ni sehemu ya kazi ya ofiklaidi, si ajali iliyoipata.

Sasa tutazame jinsi ilivyoanguka. Mauti yake yalizaliwa karibu pamoja nayo. Mwaka wa 1818, mwaka mmoja baada ya kazi ya Halary, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipata katika Berlin hati ya haki ya vali, yaani kidude kisukumwacho kwa kidole ili pumzi ipitie bomba la ziada na sauti ishuke. Mwaka wa 1835, katika mji huo huo, Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz wakapata hati ya tyuba, chombo cha sauti nzito chenye vali 5. Kutoka hapo safari ya ofiklaidi ilikuwa ya kuteremka.

Haki ya tyuba sharti isemwe. Ofiklaidi yataka vidole vya mikono miwili, na kila tundu lake lina tabia yake: hili lasema wazi, lile lasema kama mtu mwenye mafua. Ngozi za vifuniko hulika na pumzi huvuja. Tyuba yataka vidole vichache vya mkono mmoja. Sauti zake zalingana, na nguvu zake ni nyingi. Kisha, vyombo vya vali vilipoenea katika bendi, mtu aliyejifunza kimoja aliweza kuhamia kingine bila ya kuanza upya, kwa sababu vidole ni vile vile. Kwa wafua chuma na wachimba makaa, waliokusanyika kujifunza muziki jioni baada ya kazi ya kuvunja mgongo, hiyo ilikuwa rehema. Wahenga wamesema kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini tyuba haikuwa kidonda. Ilishinda kwa haki. Dhuluma ilikuja baadaye, pale washindi walipoona haitoshi kushinda, wakasema kwamba aliyeshindwa hakuwa na sauti tangu awali. Ndipo fahali wa Berlioz alipotolewa tena zizini kuwa shahidi.

Basi wale waliobaki na ofiklaidi walikuwa watu wa namna gani? Mpiga fidla haulizwi chombo chake ni nini. Mpiga ofiklaidi huulizwa kila aingiapo mlangoni, na kabla hajaketi amekwisha kuchekwa. Mtu wa hali hiyo ana njia tatu. Aweza kuona haya akaacha. Aweza kukasirika akawa mpweke. Au aweza kucheka kwanza, kabla ya wenzake, kisha akapuliza vizuri hata mwenye mzaha akanyamaza. Historia yaonyesha kwamba njia ya tatu ndiyo iliyokihifadhi chombo.

Mashuhuri wao katika Uingereza alikuwa Samuel Hughes. Alipata kupiga katika bendi ya Cyfarthfa, huko Merthyr Tydfil katika Wales, iliyoanzishwa mwaka wa 1838 na Robert Thompson Crawshay, mtu wa jamaa yenye viwanda vya chuma. Hughes akasifika, akafundisha Kneller Hall, chuo cha muziki cha jeshi la Uingereza, na baadaye akafundisha katika chuo cha Guildhall cha London. Alifariki mwaka wa 1898. Nifikiripo habari za mwalimu huyu, namwona akiwafundisha vijana chombo ambacho mafundi walikuwa wakikiacha, na waajiri wakisitasita kukiajiri. Mtu hafanyi kazi hiyo kwa ajili ya mshahara peke yake. Huifanya kwa sababu ajua kwamba katika vidole vyake kuna jambo ambalo, yeye akinyamaza, halimo katika kitabu chochote.

Wala fahari hiyo haikuwa ya mabingwa tu. Bernard Shaw, mtungaji wa michezo aliyezaliwa Dublin, alikuwa na ami yake mpiga ofiklaidi. Kwa maelezo ya Shaw, ami huyo aliacha ulevi, akaacha tumbaku, akatafuta faraja yake katika ofiklaidi. Shaw alilieleza jambo hilo kwa kejeli, kama ilivyokuwa desturi yake, na msomaji hawezi kuzuia kicheko. Lakini ukimaliza kucheka, jiulize: ni vyombo vingapi vilivyo nadhifu na vyenye sauti za kulingana ambavyo vimepata kumtosheleza mtu mahali pa pombe?

Ushahidi ulio mkubwa kuliko wote hautoki Ulaya. Watoka Rio de Janeiro. Ofiklaidi ilipokuwa ikitupwa katika London na Paris, katika Brazili ilipata nyumba ndani ya muziki wa choro, muziki wa watu wa mjini wa fidla za kudonoa na filimbi. Huko aliishi Irineu de Almeida, aliyezaliwa mwaka wa 1863, ambaye watu walimpa jina la utani Batina, yaani kanzu ya kasisi, kwa sababu ya koti lake refu. Alipiga katika bendi ya wazima moto ya Rio, na katika choro aliifanya ofiklaidi ijibizane na filimbi: filimbi yasema juu, ofiklaidi yaijibu chini, ikipanda na kuteremka kama mzee mcheshi amjibuye kijana. Fahali ameingia sebuleni, naam. Lakini huko Rio alicheza wala hakuvunja kitu. Mwanafunzi wake alikuwa mtoto mpiga filimbi, aliyezaliwa mwaka wa 1897, ambaye dunia imemjua kwa jina la Pixinguinha. Irineu alifariki mwaka wa 1914. Miaka zaidi ya 30 baadaye, Pixinguinha, akiwa amekwisha kuwa bwana wa muziki wa Brazili, aliiweka filimbi chini, akashika saksafoni, akaanza kujibizana na filimbi ya Benedito Lacerda. Wajuzi wa choro waliposikiliza walitambua yale majibu ya chini: yalikuwa ni ya mwalimu wake. Ofiklaidi ilikuwa imekufa, lakini ilikuwa ikisema kwa kinywa cha kigeni. Na hata ugeni huo si mkubwa, kwa kuwa wanahistoria wengi wasadiki kwamba Adolphe Sax, aliyepata hati ya saksafoni mwaka wa 1846, alianza kwa kuitia ofiklaidi kinywa cha klarineti.

Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini, wazee hawa wawili walirudi. Christopher Monk, Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1991, alitengeneza nyoka wapya kwa mikono yake, na mwaka wa 1976 likaanzishwa kundi la wapiga nyoka watatu wa London, lililochanganya muziki wa dhati na wa mzaha bila ya kuona haya kwa lolote kati ya mawili. Watunzi wa muziki wa sinema nao walikumbuka. Bernard Herrmann alimtumia nyoka katika Journey to the Center of the Earth ya mwaka wa 1959, na Jerry Goldsmith katika Alien ya mwaka wa 1979. Walipotaka sauti ya kutisha, isiyo ya ulimwengu huu, walikwenda kuitafuta katika chombo cha makasisi. Na mwaka wa 1991 John Eliot Gardiner na okestra yake waliipiga Symphonie fantastique katika ukumbi ule ule wa Paris ulioisikia mwaka wa 1830, na nyoka na ofiklaidi wakiwa mahali pao.

Hapo ndipo jawabu langu lilipo. Kwa zaidi ya miaka 100 okestra zilikuwa zimekwisha kuzoea kuupiga ule wimbo wa wafu kwa tyuba. Sauti zilikuwa zile zile zilizoandikwa. Hapana nota hata moja iliyobadilika. Lakini tyuba ni tajiri na ina adabu. Wachawi wake wamevaa viatu. Ofiklaidi iliporudi, ule ukali ulirudi, na ule ubaya kidogo, na kile kicheko kilichomo ndani ya kitisho. Watu waliokuwa wakisema kwamba chombo kile chachekesha walikuwa wamekitupa pamoja na kichekesho chenyewe. Wakabaki na ukurasa usiochekesha wala kutisha kama ulivyokusudiwa. Walioirudisha sauti ile hawakuwa waliosema kuwa haichekeshi. Walikuwa ni wale waliojua kwamba yachekesha, wakaipenda, wakajifunza kuipiga sawasawa.

Ndugu mwanafunzi, ulicheka uliposoma mbwene, nami sikukukataza, wala sikukatazi sasa. Lakini chukua nimeona, neno zuri, jepesi, litumikalo Afrika Mashariki nzima, ukaliweke mahali pake. Maana itabaki karibu ile ile. Kisha hesabu mizani. Mbwene ni mizani 2. Nimeona ni mizani 4. Mshororo uliokuwa umesimama utaanguka, na vina vyake vitakwenda kombo, na ile sauti ya mwisho, ambayo mtungaji aliitafuta usiku kucha, haitakuwako. Utakuwa na maneno yote ya utenzi ila utenzi wenyewe.

Sikuombi ulitumie neno hilo sokoni, kama ambavyo hapana mtu amtakaye kila mpiga tyuba auze chombo chake. Nakuomba ujifunze kulitamka vizuri, mbele ya watu, wakicheka. Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa. Huenda usitunzwe upesi. Samuel Hughes na Irineu de Almeida hawakuishi kuona vyombo vyao vikirudi ukumbini. Lakini mmoja wao alikuwa na mtoto mpiga filimbi aliyekuwa akisikiliza, na hiyo ilitosha.